Dakika Nne Skrini Ilipoganda

OFISI YA SHERIFU, KAUNTI YA NORDEN, MINNESOTA
KITUO CHA ALDER POINT

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Uchunguzi kuhusu ujumbe wa dharura uliochelewa kujibiwa, Ziwa Kettle, tarehe 8 Desemba 2018
Jina: Lempi Rautio
Umri: Miaka 57
Kazi: Mtengenezaji wa programu za kompyuta
Makazi: Mtaa wa Cedar, Alder Point
Yameandikwa: Jumanne, 18 Desemba 2018, kuanzia saa 3:20 asubuhi
Mbele ya: Naibu Sherifu Janelle Krogstad

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa na mtu. Naibu Krogstad amenieleza kwamba nitakayosema yanaweza kusomwa mbele ya hakimu, na kwamba nikisema uongo nitawajibika. Nimeelewa.

Kwa miaka sita naitunza programu inayotumika katika chumba cha simu za dharura, ghorofa ya pili ya jengo hili hili. Wenyewe wanaiita Ramani. Mtu akipotea msituni au ziwani, Ramani inaonyesha simu yake iko wapi, inapokea ujumbe wake wa maandishi, na inakadiria anakoelekea. Niliiandika mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa.

Bw. Curtis Beaulieu ni mpokea simu wa chumba hicho. Namfahamu tangu alipoajiriwa mwaka 2014. Ananiita shangazi, kama wanavyomwita kwao kila mwanamke aliyewazidi umri. Hatuna undugu wa damu.

Mnamo tarehe 11 Oktoba 2018, siku ya Alhamisi, saa za mchana, Bw. Beaulieu alinisimamisha kwenye ngazi akaniambia Ramani inakauka. Alisema simu zikiwa nyingi kwa pamoja, kipanya kinatembea lakini ukibofya ni kama unaubofya ukuta. Nilikuwa na haraka. Nilimwambia hivi: "Usibofye-bofye, kila ukibofya unaiongezea foleni. Weka mikono mapajani usubiri, itarudi yenyewe." Akacheka, akasema atakaa kama yuko kanisani.

Tarehe 2 Novemba alinikumbusha. Nikampa jibu lile lile. Nilikuwa nimeliandika jambo hilo kwenye daftari langu la kazi, nikaweka alama kwamba nitalishughulikia baada ya Krismasi. Daftari hilo nimekuja nalo.

Mnamo tarehe 8 Desemba 2018, siku ya Jumamosi, saa 7:58 mchana, nilikuwa jikoni nikisuka mkate wa iliki. Simu iliita. Alikuwa Bw. Beaulieu.

"Shangazi," alisema, "huku ziwani barafu imekatika, na humu ndani skrini imeganda tena. Njoo."

Nikamuuliza kuna watu wangapi huko.

"Thelathini na nne. Wanaelea."

Niliacha unga mezani. Kutoka kwangu hadi hapa ni mwendo wa dakika saba kwa miguu. Niliingia chumba cha simu saa 8:06.

Nilimkuta Bw. Beaulieu mezani kwake pamoja na msimamizi wa chumba, Bi. Roberta Haugen, aliyekuwa na simu mbili, moja kila sikio. Walinieleza kwa kifupi. Kiasi cha saa 7:30 upepo wa kusini ulikuwa umeumegua uwanja mzima wa barafu kutoka ufukweni, ukaubeba kuelekea katikati ya ziwa pamoja na vibanda vya wavuvi, wale wanaotoboa barafu na kuvua samaki chini yake, magari mawili na watu. Theluji ilikuwa inapeperuka kiasi kwamba helikopta haikuweza kuruka. Boti zenye feni kubwa nyuma, zile zinazopita juu ya maji na juu ya barafu, zilikuwa zinashushwa, lakini waendeshaji hawakuwa wanaona mbele zaidi ya hatua mia moja. Walihitaji kuambiwa barafu itakuwa wapi watakapofika. Kazi hiyo, hesabu ya upepo, ndiyo ya Ramani.

Sauti za simu zilikuwa zinakatika kwa sababu mnara ulielemewa, kwa hiyo watu waliokuwa kwenye barafu waliandika ujumbe. Ujumbe huo unajipanga upande wa kulia wa dirisha la Ramani.

Haya yanayofuata niliambiwa na Bw. Beaulieu, sikuyaona mwenyewe. Saa 7:51 dirisha lilikauka. Akafanya kama nilivyomfundisha. Lilirudi saa 7:56, na hapo hapo zikatokea jumbe tisa kwa mpigo. Mmoja ulikuwa wa Bi. Bernadette Strand, ulioandikwa saa 7:52, kwamba mumewe Orrin alikuwa ametumbukia kwenye ufa hadi mapajani, wamemvuta, amelowa, wafanye nini. Bw. Beaulieu alimjibu dakika ile ile: mvueni vyote vilivyolowa, mwingizeni kwenye mfuko wa kulalia, mmoja aingie naye, msiusugue mguu.

Niliitazama skrini yake nikajua kabla sijaketi.

Naibu Krogstad ameniomba nieleze kwa lugha ambayo jirani yake angeielewa. Programu yenye dirisha ina mfanyakazi mmoja wa mbele. Ndiye anayechora unachokiona, anayesikiliza kipanya, anayekuletea ujumbe. Huyu hapewi kazi nzito hata siku moja. Kazi nzito hupewa wafanyakazi wa nyuma, wanaokwenda sambamba naye bila kumzuia. Sisi wa kazi hii tunawaita nyuzi. Mimi hesabu ya upepo nilimpa yule wa mbele. Anapotafutwa mtu mmoja mwenye simu moja, hesabu inakwisha kabla hujapepesa jicho, kwa hiyo miaka yote sita kosa hilo halikunidai chochote. Siku hiyo zilikuwa simu thelathini na nne juu ya kipande kimoja cha barafu kinachozunguka. Hesabu ilikula dakika nne, na kwa dakika hizo mlangoni hapakuwa na mtu.

Kupokea ujumbe nilikuweka nyuma. Kuuonyesha ndiko kulikuwa mbele. Ndiyo maana kumbukumbu za mashine zinasema ujumbe wa Bi. Strand ulifika saa 7:52. Ni kweli ulifika. Ulifika kwenye mashine. Haukumfikia Curtis.

Niliwaambia ninaweza kulirekebisha mle mle. Bi. Haugen hakutaka. Alisema hawezi kuniruhusu nimpasue mgonjwa huku anakimbia.

Bw. Beaulieu hakugeuza kichwa. Alisema, "Bosi, mgonjwa hakimbii. Amesimama. Hilo ndilo tatizo."

Bi. Haugen akatazama saa ya ukutani. Jua lingezama saa 10:25. Akasema nitumie kompyuta ya akiba, ile ya meza ya mafunzo, na kwamba ya Curtis isiguswe mpaka aone kwa macho yake nyingine inafanya kazi. Ilikuwa amri ya haki. Nilianza saa 8:14.

Katika muda huo wote Bw. Beaulieu aliendelea na Ramani ile mbovu. Alikuwa amechukua karatasi, na kila dirisha liliporudi aliandika haraka majina na mahali, ili likikauka tena awe na cha kusomea waendeshaji wa boti redioni. Nilimsikia akiwataja watu kwa majina kutoka kwenye karatasi. Sikumwona amekaa bure hata mara moja.

Saa 8:37 nilijaribu toleo la kwanza. Niliitoa hesabu mbele nikaipeleka nyuma. Lilikwenda vizuri kwa dakika mbili, kisha programu ikaanguka yote, dirisha likatoweka. Nilijua kwa nini. Mfanyakazi wa nyuma alikuwa anamaliza hesabu na kunyoosha mkono kuchora kwenye ramani, wakati yule wa mbele naye anachora. Mikono miwili kwenye kalamu moja.

"Imekufa?" Bw. Beaulieu aliuliza.

Nikamwambia imekufa.

"Basi izike haraka, shangazi. Tuna wageni."

Nilikuwa nimekosea herufi mara tatu kwenye neno moja. Aliposema hivyo nililiandika sawasawa. Sijui kwa nini.

Niliweka kikapu katikati. Wa nyuma akimaliza, anatia jibu lake kikapuni na kuondoka. Haruhusiwi kuigusa ramani. Wa mbele anachungulia kikapuni mara kumi kwa sekunde, anachukua kilichomo, anachora yeye mwenyewe. Saa 8:52 toleo la pili lilifanya kazi. Nilibofya huku hesabu inaendelea, na dirisha likanijibu papo hapo. Karibu nimwite Bi. Haugen.

Bw. Beaulieu alikuwa ameegemea nyuma akichungulia skrini yangu. Akasema kwa upole, "Barafu hairudi nyuma dhidi ya upepo, shangazi."

Nilitazama tena. Alama ya barafu ilikuwa imesogea kaskazini, kisha ikaruka kusini, kisha kaskazini. Hesabu iliyoanza mapema ilikuwa inachelewa kumaliza, inakuja kulifuta jibu la hesabu iliyoanza baada yake. Kama nisingeambiwa, tungezituma boti mahali ambapo barafu ilikuwa imekwisha kuondoka. Nilizipa hesabu zote namba, na wa mbele akatupa kila jibu lenye namba ndogo kuliko aliyokwisha kuichora. Nikaongeza na kitufe cha kusimamisha hesabu njiani. Ilikuwa saa 9:03.

Bi. Haugen alikuja akasimama nyuma yangu. Alikamata kipanya akabofya kila kilichobofyeka, kwa muda wa dakika mbili hivi, huku hesabu inazunguka nyuma. Kisha akamwambia Bw. Beaulieu, "Hamia."

Alihamia saa 9:06. Kuanzia hapo nilikaa kando yake mpaka mwisho, kwa hiyo haya niliyaona.

Saa 9:09 Bi. Strand aliandika kwamba mumewe hausikii tena mguu wa kushoto kuanzia gotini. Ujumbe ulitokea wakati ule ule hesabu ikiwa katikati. Bw. Beaulieu aliigeuza boti ya kwanza iende kwa akina Strand kabla ya wengine, akamwandikia mama yule kwamba wanakuja, na kwamba aendelee kumwandikia hata kama hana la kusema. Akaendelea. Aliandika kuhusu mbwa wao. Bw. Beaulieu alimjibu kila mara, huku anazungumza na waendeshaji redioni. Bw. Strand alipakiwa saa 9:24.

Saa 9:31 barafu ilipasuka vipande viwili. Simu saba zikaanza kwenda mashariki, nyingine zikaendelea kaskazini. Ramani ililazimika kukokotoa vyote viwili upya, na nilikiona kile kiduara kidogo cha kusubiri kikizunguka kwa zaidi ya dakika tatu. Kwa programu yangu ya asubuhi ile, dakika hizo zingekuwa kiza. Lakini dirisha lilibaki hai. Upande wa kulia ukatokea ujumbe wa mtu mmoja wa kipande kidogo, kwamba maji yanapanda kwenye sakafu ya kibanda. Bw. Beaulieu aliusoma, akabofya, akaipata simu yake, akaichepusha boti ya pili. Wale saba walitolewa saa 9:44.

Mtu wa mwisho alikanyaga nchi kavu saa 10:12 jioni. Walihesabiwa ufukweni mara mbili. Thelathini na nne.

Bw. Beaulieu alivua vipokea sauti vya masikioni akavifuta kwa mkono wa sweta yake. Akaniuliza kama nimekula. Bi. Haugen alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kahawa, ametugeuzia mgongo, na alikaa hivyo muda mrefu bila kujaza kikombe.

Nimesikia baadaye kwamba Bw. Strand alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, na kwamba anatembea. Sijui kama dakika zile nne ndizo zilizochukua vidole vyake. Mimi si daktari. Nimejiuliza kila siku.

Mnamo tarehe 15 Desemba 2018, Jumamosi, nilikwenda chumba cha simu kuweka toleo jipya kwenye kompyuta zote. Kwenye kiti cha Bw. Beaulieu alikuwepo mtu mwingine. Bi. Haugen ndiye aliyenieleza. Kaka yake Bi. Strand alikuwa ameleta malalamiko. Kamera ya chumba ilikuwa imeangaliwa, nayo inamwonyesha Bw. Beaulieu kuanzia saa 7:51 hadi 7:56 ameweka mikono mapajani, anatazama skrini, hafanyi lolote, wakati kumbukumbu zinasema kuna ujumbe wa mtu aliyelowa. Ameondolewa zamu tangu tarehe 10. Bi. Haugen alisema ameyasema aliyoyajua, lakini hakujua ni nani aliyempa kijana yule maagizo ya kukaa hivyo, na kwamba kijana mwenyewe alipoulizwa alijibu tu, "Nilikuwa nasubiri."

Nilimwomba anionyeshe picha hizo. Alinionyesha. Amekaa wima kabisa. Mara mbili mkono wa kulia unainuka kuelekea kwenye kipanya, na mara zote mbili anaurudisha.

Tarehe 16 Desemba, Jumapili, saa 5 asubuhi, nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa nje anaondoa theluji mlangoni. Nilimuuliza kwa nini hakusema kwamba ni mimi niliyemwambia aweke mikono mapajani.

Alimaliza kuondoa theluji kwenye ngazi ya mwisho. Kisha akasema, "Ukiondolewa wewe, Ramani ataitunza nani? Mimi wanaweza kupata mwingine wa kukaa kwenye kiti."

Nikamwambia si kweli. Nikamwambia nilikuwepo, nilimwona akisoma majina kwenye karatasi, na kwamba yeye ndiye aliyeona barafu inarudi nyuma wakati mimi mwenye programu sikuona.

"Shangazi, waachie. Litapita."

"Halitapita likiwa la uongo," nilisema. "Siku ya Jumanne nakwenda kwa Krogstad. Ukitaka uje, ukitaka usije."

Aliniangalia, akasema nisiende bila kofia kwa sababu baridi itakuwa kali. Ndiyo ruhusa niliyoipata.

Ninakabidhi vitu vitatu. Kwanza, daftari langu la kazi, kurasa za tarehe 11 Oktoba na 2 Novemba, zenye mwandiko wangu. Pili, karatasi zilizochapwa kutoka ndani ya Ramani. Kila dirisha linapojichora upya, programu inaandika saa. Kati ya saa 7:51 na sekunde 48 na saa 7:56 na sekunde 2, hakuna mstari hata mmoja. Mtu yeyote wa kazi yangu akiitazama nafasi hiyo tupu atasema kwamba katika muda huo hapakuwa na cha kusoma wala cha kubofya. Tatu, toleo la zamani na toleo jipya, ili wataalamu wenu wayapime wenyewe kwa simu thelathini na nne au mia tatu na arobaini.

Naibu Krogstad ameniuliza kama ninaelewa kwamba kaunti inaweza kuniondoa kazini kwa maelezo haya. Ninaelewa. Nimekwisha kuandika kila kitu kuhusu jinsi Ramani inavyofanya kazi, kurasa hamsini na moja, kwa lugha ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata. Nilipaswa kuwa nimeziandika miaka sita iliyopita. Bw. Beaulieu amezisoma tangu juzi na ameniuliza maswali kumi na manne, mengine magumu. Ameanza kujifunza kazi hii, na anaiweza.

Ninaomba kitu kimoja tu, arudishwe kwenye kiti chake.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Sina la kuongeza, na sina la kupunguza.

(Sahihi) Lempi Rautio

MAELEZO YA MWANDISHI

Nimemsomea shahidi maelezo haya kuanzia mwanzo hadi mwisho, saa 5:05 asubuhi. Ameomba sehemu moja tu ibadilishwe. Katika rasimu yangu niliandika kwamba mfumo ulikuwa na kasoro. Ametaka isomeke kwa maneno yake mwenyewe: "Mimi hesabu ya upepo nilimpa yule wa mbele." Nimebadilisha, naye ameweka sahihi pembeni.

Vielelezo vitatu vimepokelewa. Mtaalamu wa jimbo amejaribu toleo la zamani leo mchana mbele yangu kwa ujumbe wa tarehe 8. Dirisha liliganda kwa dakika nne na sekunde tisa. Kwenye toleo jipya, halikuganda.

Saa 9:30 alasiri nilimpigia Bi. Bernadette Strand kumjulisha. Amesema malalamiko yalikuwa ya kaka yake, si yake, na kwamba yule wa kwenye simu ndiye aliyemfanya asiache kuandika. Aliniuliza jina lake. Nimempa.

Sherifu ameyasoma haya jioni hii. Bi. Rautio anaendelea na kazi yake, akiwa na msaidizi. Orodha mpya ya zamu imebandikwa ghorofa ya pili: Beaulieu, C., Alhamisi 20 Desemba, saa 1:00 asubuhi, meza ya kwanza.

(Sahihi) Naibu Sherifu J. Krogstad